Maua ya Mlangoni

Isabela,

Nimetangulia kanisani na ndoo ya maua ya mkrismasi, tupambe altare kabla ya misa ya Epifania. Uji umo chunguni, nimeufunika. Mpakulie mdogo wako Edmund kwanza. Aje kanisani amenawa miguu, matope ya leo unayaona.

Asubuhi nilikukaripia uliposhusha maua ya mlangoni. Ni kweli yalikuwa yamenyauka. Lakini baba yenu alipokwenda manamba Tanga, kukata mkonge, aliniambia atarudi kabla maua ya Krismasi hayajatolewa. Ndiyo maana nayabadilisha kila asubuhi, nanyi mnanicheka eti namngoja bwana harusi. Leo sikukuu zinakwisha. Kanisani yatatolewa baada ya sala ya jioni.

~~Ukimaliza kula, fagia yaliyoanguka, ukayatupe yote.~~

Hapana, maneno hayo nimeyakata. Nyuma ya mlango nimekuachia matawi mabichi. Yafunge palepale juu, lakini uyabane vizuri yasining'inie, maana baba yenu ni mrefu, huwa anagonga kichwa akiingia.

Padre ana kalenda yake. Mimi namngoja mtu.

Mama yenu