Fyuzi Inayokatika Mkiwasha

Mpendwa Muthoni,

Mama yako alirudi kutoka Meru jana akasema fyuzi ya transfoma mpya ya kiwanda chenu imekatika tena, na meneja anataka uweke kubwa zaidi. Sisi huku Gachoka tuko salama. Ndengu zimetoa maua na cucu, nyanya yako, ameacha kukohoa.

Unauliza mimi ningechagua ipi. Nikiwa kijana nilifanya kazi na fundi Njiru katika kiwanda cha kuchambua pamba. Fyuzi ilikuwa ikikatika, na wakulima wamekaa juu ya magunia yao wakingoja.

"Weka waya mnene, huo hautakatika," msimamizi alisema.

"Hiyo ndiyo shida yake, mzee," Njiru akamjibu. "Kitakachoungua ni transfoma." Akanigeukia. "Inakatika tukiwasha, ama mashine zikiwa kazini?"

"Tukiwasha tu."

Aliipima transfoma akaikuta nzima. Akanieleza kwamba ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo, kisha hutulia. Akachagua fyuzi inayochelewa kidogo kukatika, ivumilie mvuto huo lakini ikatike umeme ukiendelea kuzidi. Pamba ikachambuliwa. Baadaye tawi liliangukia nyaya, fyuzi ikakatika, na transfoma ikapona.

Kwa hiyo usianze na ukubwa. Pima kwanza, kisha uangalie inakatika wakati gani. Mweleze meneja hivyo kwa upole, naamini atakusikia. Mama yako anasema mtawasha tena Jumatano asubuhi. Nipigie mkimaliza.

Babu yako, Guka