Fundo la Juu

Shangazi,

Shikamoo. Miili yetu mizima, vichwa ndivyo vibovu. Paka wa jirani kazaa ndani ya kapu langu la nguo. Mkuu wetu wa maabara bado anasinzia mezani, akiamka anasema alikuwa anafikiri.

Wiki iliyopita polisi walituletea sweta la kijivu lenye damu, limeokotwa kwenye duka lililovunjwa usiku, mlinzi wake akaumizwa. Kazi yangu ni nyuzi, nikaliweka chini ya hadubini. Nilipofika kwenye kifungo, nikakuta uzi mwekundu, na fundo limefungwa kwa juu, si kwa ndani.

"Mbona umeduwaa?" mkuu akauliza. "Ni sweta, si jini."

Nikacheka, sijui kicheko kilitoka wapi. Shangazi, fundo la juu ni lako. Ulisema la ndani litatuwasha. Umewashonea wangapi zaidi yangu na mdogo wangu? Niambie wengi. Niambie hata uliuza sokoni.

Kanuni inataka niseme nimelitambua fundo, kazi apewe mwingine. Kila asubuhi nafungua mdomo, najikuta naomba chai.

Jana mdogo wangu alipita nyumbani akitetemeka kwa baridi, mkono umefungwa kitambaa. Sikumuuliza kitu. Nilivua sweta langu, lile lenye fundo lako, nikamvisha, kama ulivyotufanyia utotoni. Alipoondoka ndipo nikakumbuka kuwa hilo ndilo pekee la kulinganisha na lile la maabara.

Sijui nilimhurumia au nilimficha. Wewe uliyetulea, unajua?

Ni mimi, mwanao.