Barua Yangu ya Kuomba Mafunzo Imefungiwa Kwenye Droo ya Mkuu wa Shule

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, na naomba unijibu upesi kwa sababu zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na naogopa kwamba nikikaa kimya zaidi nitafanya jambo ambalo mtumishi wa serikali hapaswi kulifanya.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata huku Karatu, nina miaka kumi na moja kazini, nimeolewa Endamarariek, mume wangu Modest anaendesha magari ya watalii kwenda kreta na Juni ndiyo msimu wake, hivyo hulala porini kuliko nyumbani, na tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Mwezi wa tatu mwenzangu niliyesoma naye chuo alinitumia kwenye simu tangazo la mafunzo ya walimu wa historia, fasihi na sanaa, majuma matatu wakati wa likizo ya Juni, katika chuo kimoja kule Lushoto, nauli, chakula na malazi vyote juu ya wafadhili, nami nililisoma nikiwa nimesimama jikoni mpaka maharage yakaungua, kwa sababu miaka yote hii nimeona walimu wa hisabati na sayansi wakiitwa semina, leo fizikia, kesho kemia, na sisi wa Historia tunabaki kushika zamu zao.

Nataka kwenda kwa sababu kuna kitu nimekianza na sijui nikifikishe wapi. Wanafunzi wangu wengi ni wajukuu na vitukuu vya watu waliokuja kutoka Singida na Dodoma kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya upande wa Ganako, na mwaka jana niliwaambia kila mmoja alete darasani kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani, basi binti mmoja akaja akiwa amemshika mkono bibi yake mkubwa, Bibi Stumai, anayekaribia miaka tisini, na bibi akafungua kitambaa akatoa kipande cha marehemu mumewe, ile kadi ya kazi ya enzi za mkoloni iliyokuwa ikitiwa alama kila siku kibarua alipofanya kazi. Wanafunzi wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaona nafasi tatu hazina alama, akauliza, "Bibi, hapa babu alikuwa mvivu?" Darasa likacheka. Bibi akasema, "Hapo alikuwa anamzika mwanangu wa kwanza." Mshauri, tangu siku hiyo wanafunzi wale wa kidato cha tatu hawaniulizi tena Historia ina faida gani.

Nikaandika maombi yangu, nikaweka na K.K., yaani Kupitia Kwa Mkuu wa Shule, kama tulivyofundishwa tangu siku ya kwanza ya ajira kwamba barua ya mtumishi haiendi popote ila kwa mkono wa mkubwa wake, nikayapeleka ofisini ayapitishe na kugonga muhuri. Akasoma mistari miwili, akavua miwani.

"Mwalimu, Historia ina nini kipya? Waliokufa wameshakufa."

Nikamjibu, "Mkuu, na waliogundua hisabati nao wameshakufa, mbona semina zao haziishi?"

Akacheka. "Wewe na huo mdomo wako. Kama unapenda vya kale kawaongoze wazungu, watakupa na bakshishi. Juni nakuhitaji kwenye kambi ya masomo ya kidato cha nne. Halafu una mtoto mdogo. Hii nafasi nitampa Mwalimu Richard, yeye hana wa kumwacha nyuma." Akaifungia barua yangu kwenye droo, na sasa ni wiki ya tatu.

Richard anafundisha hisabati! Mwenyewe aliposikia alikuja stafu, chumba chetu cha walimu, akiwa ameshika kichwa. "Dada, mimi nikifika kule nitawaambia nini? Niwafundishe washairi kipeuo cha pili? Sitaki. Nimemwambia sitaki, ananiambia nifikirie maslahi ya shule."

Nilidhani mama mkwe, Mama Antonia, atakuwa upande wa Mkuu. Kumbe nilipomweleza aliweka kikombe chini akasema, "Niachie mjukuu wangu. Wanaume wa ukoo huu wanaondoka miezi mizima, hakuna anayewauliza watoto wamebaki na nani. Nenda." Na Modest akasema kwenye simu, "Kama mama amesema, mimi nani?"

Sasa karani wetu, Eva, ameniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, Alhamisi Mkuu yuko halmashauri kutwa nzima. Funguo ya droo ninayo, muhuri uko mezani kwangu. Mimi nitakuwa nimetoka kununua vocha." Mshauri, sijalala vizuri tangu nisikie maneno hayo. Nikigonga muhuri mwenyewe najua ni kosa, nisipougonga nafasi inapotea, na mwakani sijui kama mafunzo hayo yatakuwepo. Nimekuambatishia tangazo na nakala ya maombi yangu. Usiniambie nivumilie. Kuvumilia nimekwisha kuvumilia miaka kumi na moja.

Mwalimu wa Historia, Karatu

*

Marahaba, Mwalimu. Sitakuambia uvumilie. Lakini kwanza nitakugombeza, na unisikilize mpaka mwisho kama unavyotaka wanafunzi wako wakusikilize.

Usiuguse huo muhuri. Usiuguse Alhamisi, usiuguse siku yoyote, na umwambie Eva akanunue vocha zake akiwa na funguo mfukoni. Muhuri wa shule ukiugonga mwenyewe umemwachia Mkuu ushindi ambao hakuwa nao. Leo mkosaji ni yeye, kwa kukaa na maombi yako na kutaka kumpeleka mtu asiyehusika. Ukigonga, kesho tutakuwa tunazungumza habari zako, na za yule karani, na hakuna atakayekumbuka mafunzo wala Bibi Stumai. Isitoshe, unataka kwenda kujifunza namna ya kuusoma ushahidi wa zamani kwa uaminifu. Utauanzaje huo uaminifu kwa karatasi ya kughushi?

Sasa njoo kwenye jambo lililonifanya nicheke peke yangu, kisha nikasikitika. Tangazo uliloniambatishia nimelisoma mara mbili, na mara ya tatu nikampa mke wangu alisome kwa sauti nisije nikawa nimezeeka macho. Hakuna mahali, Mwalimu, hakuna hata mstari mmoja unaotaka muhuri wa shule. Linasema mwombaji atume maombi yake mwenyewe kwa mtandao, pamoja na barua ya mtu yeyote "aliyemwona akifundisha na anayeweza kueleza kazi yake." Basi. Hiyo droo uliyoililia wiki tatu haina kitu unachokihitaji. Umejifungia mwenyewe kwa herufi mbili ulizoandika juu ya barua bila kuombwa na mtu.

Na sikulaumu sana, kwa maana najua zinakotoka. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na K.K. nimeiandika mara nyingi kuliko jina la mama yangu. Utaratibu ule una maana yake, ngoja nikueleze. Unapomwandikia mwajiri wako juu ya uhamisho, likizo au madai, barua hupita kwa mkubwa wako wa kazi ili naye atoe maoni na asishtukizwe. Ni heshima na ni utawala bora. Lakini hao wa Lushoto si waajiri wako. Hawakutafuta shule, wamemtafuta mwalimu. Kumwandikia mtu wa nje kupitia kwa Mkuu wako ni sawa na kumposa binti kupitia kwa mwenye duka la jirani. Atakushauri usioe, na huenda akamtaja mpwa wake.

Nitakuambia na jingine, ambalo wazee wenzangu hawapendi tuliseme. Miaka sita nilikuwa mkuu wa shule, na mimi nilikuwa na droo. Kijana mmoja mwalimu wa Kiingereza aliniletea fomu ya kozi, nikamwambia tusubiri kwanza mitihani. Nilikuwa na sababu nzuri, wakuu wote tunazo. Hakuniletea fomu nyingine tena, na nilipostaafu mimi alikuwa bado anafundisha kwa daftari alilokuja nalo. Hilo ni langu, nitalijibu nikiulizwa. Lakini lisiwe lako.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Mwite Richard leo hii. Umeandika kwamba hataki kwenda, ukaishia hapo, kana kwamba habari zake zimekwisha. Je, alikuwepo siku ya Bibi Stumai, au aliwahi kukaa nyuma ya darasa lako? Kama aliwahi, yeye ndiye mtu unayemtafuta. Na mwalimu wa hisabati akisema kwamba alisahau kusahihisha madaftari yake kwa kusikiliza somo la Historia, huko Lushoto wataamini haraka kuliko wangeambiwa na kaka yako. Mwambie asikusifu. Aeleze alichokiona tu, mwanzo mpaka mwisho. Kama hakuwahi kukuona ukifundisha, mtafute aliyekuona, maana shule ina madirisha na walimu wana macho.

Kisha keti uandike maombi yako upya, kwa sababu haya uliyoniletea, mwanangu, hayafai hata kufungia maandazi. Nakusomea sentensi yako ya kwanza: "Mimi ni mwalimu wa kawaida ninayeomba kwa unyenyekevu mnifikirie ili nikuze taaluma yangu na kuleta tija." Nani huyu? Si yule aliyemjibu Mkuu kuhusu waliogundua hisabati. Huyo angenisafirisha mimi mwenyewe mpaka Lushoto kumsikiliza. Nimetafuta kipande kwenye maombi yako, sikukiona. Nimemtafuta bibi, hayupo. Nafasi tatu zisizo na alama, umeniandikia mimi mzee wa gazeti, lakini watu watakaoamua uende au ubaki umewanyima, ukawapa "tija". Tumelelewa kwamba mtu hajisifu, na ni malezi mema. Lakini kueleza kazi uliyoifanya si kujisifu. Anza na kadi ile ikipita mikononi mwa watoto. Sema mtoto aliuliza nini na bibi alijibu nini. Halafu sema usilolijua, yaani pale ulipokwama. Nakala za kadi hizo zitunzwe vipi, maneno ya wazee yaandikwe namna gani, na mwalimu afanye nini karatasi inaposema moja na mwenye kumbukumbu anaposema jingine. Mtu anayejua anachokwenda kukitafuta ndiye anayepewa nafasi. Na mwisho, sema utarudi na somo gani, kwa kidato gani, muhula gani.

Ila kabla hujaandika jina la Bibi Stumai mahali popote, nenda nyumbani kwake umwombe ruhusa. Usitume mtoto, nenda mwenyewe. Ule ni msiba wake. Akikataa, badilisha jina na uache habari za mtoto, somo lako litasimama hata hivyo.

Sasa kambi ya kidato cha nne. Hapo, Mwalimu, Mkuu wako ana hoja, na wewe umeipita mbio kama gari la mumeo kwenye vumbi. Watoto wale wana mtihani na hawakuchagua ugomvi wenu. Kaa na kalenda. Mwezi wa tano wafundishe saa za jioni mada utakazozikosa, tayarisha maswali ya majuma yote matatu pamoja na majibu yake, utafute mwenzako wa kuyasimamia. Kisha andika barua ya kuomba likizo yako ya mwaka kwa mwajiri, na hapo ndipo uiweke hiyo K.K. yako kwa herufi kubwa, uambatishe na mpango wa kambi. Akiikalia na hiyo, afisa elimu wa wilaya ana ofisi na ofisi ina mlango. Utaingia ukiwa na karatasi zako zote mkononi na bila doa.

Kuhusu mtoto sina la kuongeza. Mama Antonia amekwisha kutoa hukumu, nami siwezi kukaa meza moja na mwanamke yule nikabishana naye. Mpelekee sukari. Mtu akikuuliza shuleni umemwacha mtoto na nani, muulize na yeye mtoto wake yuko na nani saa hiyo.

Usingoje siku ya mwisho, maana mtandao wa huku mvua ikinyesha unaujua. Tuma siku nne kabla. Huenda wasikuchukue. Waombaji watakuwa wengi na nafasi ni chache, na wengine nao watakuwa na bibi zao. Basi wakukatae wao, baada ya kukusoma, nawe utaomba tena mwakani ukiwa na barua bora zaidi. Mtu aliyesoma mistari miwili akavua miwani, huyo hana mamlaka ya kukukatalia kitu ambacho si chake kutoa.

Na ukishatuma, usijifiche. Chapisha nakala, asubuhi yake uipeleke ofisini kabla ya gwaride, mlango ukiwa wazi na Eva akiwa mezani kwake. Msalimie Mkuu kwa heshima zote, kisha umwambie: "Mkuu, nimeomba. Hii ni nakala yako." Usianze na samahani.

Mwalimu Yohana, mstaafu