Mapipa Mawili ya Mama Bernadetta

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu ututoke, na bado watu wanabisha hodi hapa Igoma wakimuulizia yule mwalimu wa umeme wa mapipa. Tunawajibu kwa kujidai: ni hapa hapa, na ni mama yetu huyo.

Ulikuwa mwalimu wa kemia, tena mkali. Mwanafunzi aliyechelewa alikupa shikamoo, nawe huitikii mpaka ajieleze. Ulipenda kahawa chungu na ubishi. Baba alijua hakuwezi, lakini alikuchokoza makusudi ili akusikie ukibisha.

Kilichokuchoma moyo ni mgao wa umeme. Angela, mke wa mdogo wako Projest, alimpoteza mtoto wake wa kwanza kwenye zahanati ya mtaa. Umeme ulikatika na mkunga akabaki kupapasa kwa kibatari. Ulirudi kutoka mazishini ukasema, "Wa pili hazaliwi gizani. Sikubali!" Mwaka tisini na saba Angela akapata mimba tena, nawe ukaanza kazi.

Profesa aliyekufundisha ng'ambo alikutumia unga wa madini yaitwayo vanadiamu. Uliuyeyusha kwenye asidi, ukaugawa kwenye mapipa mawili ya plastiki. Katikati ukaweka kisanduku chenye utando, na pampu mbili ndogo za kuyazungusha maji hayo, kila pipa upande wake, yasichanganyike. Umeme ukiwepo unayachaji: pipa moja linakuwa la njano, jingine zambarau. Ukikatika, maji hayo hayo yanapita kisandukuni na kuutoa umeme yaliouhifadhi.

"Ukitaka nguvu zaidi, panua kisanduku," ulitufundisha mezani, chakula kikipoa. "Ukitaka udumu muda mrefu, ongeza maji na mapipa. Wenzetu huko nje wanajenga makubwa, ya kuwasha majengo mazima."

Kamati ya zahanati ilikuwa ije Jumamosi kuamua kama mtambo utaingia chumba cha kuzalishia. Ijumaa Mjomba Projest akaletewa lubisi, pombe ya ndizi, kutoka Bukoba, naye hana chombo. Akayakuta mapipa yako yamejaa nusu nusu. Basi akamimina moja ndani ya jingine, akalisuuza, akaja kukuaga kwamba analichukua, amefurahi kwa kuokoa nafasi! Njano na zambarau zilipotea. Tulikuta maji ya kijani kilichokolea, ya moto.

Tulishika vichwa. Mjomba alipiga magoti. "Waitu dada, nisamehe, nimekuharibia."

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. "Kwanza, pipa hilo usitie pombe, lilikuwa na asidi, utatuua na wageni wako. Pili, hujaharibu kitu. Yangekuwa madini mawili tofauti, leo tungelia. Hapa pande zote mbili ni vanadiamu. Umepoteza chaji tu. Gawa sawasawa, tuchaji upya."

Akagawa yeye mwenyewe kwa jagi, jasho linamtoka, nawe unamtania kwamba leo ndiyo kasoma kemia. Kufika Jumamosi mchana rangi zilikuwa zimerudi, kamati ikaja, tukaupeleka mtambo zahanati ukajaribiwe.

Jioni mgao ukashika, mtaa wote giza. Ukageuza swichi, chumba cha kuzalishia kikawa cheupe. Mwenyekiti, Mzee Nkwabi, aliyekuwa akikuita mganga kwa kejeli, alivua kofia akakupa mkono. Mama, tulitoka pale tukitembea vifua mbele!

Mtambo ukabaki pale. Wiki chache baadaye Angela alishikwa na uchungu, na umeme haukuwepo. Mkunga Teodora alifanya kazi yake bila kupapasa. Wewe ndiye uliyempokea mtoto. Ulimtazama usoni kwa muda, machozi yanakutoka, ukamwambia, "Karibu, mwanangu. Tunakuona."

Unakumbukwa na mumeo Mashimba. Wanao Paskazia na Masalu. Mdogo wako Projest na wifi yako Angela. Na binti yao, anayeitwa Bernadetta kwa jina lako, ambaye sasa ana miaka mitatu, anakimbia uani na hashikiki.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tulizopewa.