Vikopo Kumi na Vinne vya Silanga

Jumatatu, 4 Machi 1996

Ploti ya nne leo, kule Silanga karibu na bwawa. Vyumba kumi na vinne vya kupanga, choo kimoja. Nimegawa vikopo kumi na vinne, kila kimoja na namba yake, na nimejieleza mpaka sauti ikakauka. Mimi ni Saadia, mtoto wa mtaa wa Makina hapo juu. Nasomea vijidudu chuoni, shahada ya pili. Natafuta watu wanaobeba taifodi bila wao wenyewe kuugua. Nataka choo tu, kidogo, kama punje ya harage. Nikasema mtu mzima mmoja kutoka kila chumba. Wote wakatazama chini.

Eddah wa chumba cha kwanza, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema sawa, tutaona. Hiyo "tutaona" naijua. Ploti ya kwanza nilirudishiwa vikopo vitatu kati ya ishirini. Vingine nimeviona madirishani vimewekwa chumvi.

Mama Celine peke yake ndiye aliyenihurumia. Akasema nisijali, Mungu atafungua mlango. Yeye huwapikia uji watoto wa nasari ya kanisa lao, na tangu Idi ipite mimi pia nina kikombe changu kwake kila asubuhi nikiwa kazini. Ana mtindo wake: huchovya ncha ya kidole kwenye kila kikombe aone kama kimepoa, mtoto asiungue. Hata changu huchovya. Nina miaka ishirini na sita!

Fomu yake nimeijaza kwanza. Amewahi kuugua taifodi? Hapana. Kuna aliyeugua nyumbani kwake? Hapana. Mwanawe Celine alifariki mwaka jana, akiwa na miaka tisa, lakini ile ilikuwa malaria. Alisema malaria, nami nikaandika malaria.

Jumanne, 5 Machi 1996

Vyote! Kumi na vinne, vimefungwa vizuri, vimepangwa kwenye karai la Mama Celine mlangoni na kufunikwa kwa leso safi. Nimetembea mitaa hii miezi miwili nikiombaomba choo cha watu, na leo nimewekewa kama zawadi ya harusi.

Eddah hakunitazama usoni. Aliona haya, labda. Mama Celine akanimiminia uji, akachovya kidole, akanipa. Nikanywa wote.

Ijumaa, 8 Machi 1996

Siamini. Nimeangalia tena na bado siamini.

Sahani zote kumi na nne za maabara zimeota vijidudu. Taifodi zote. Nilitarajia mtu mmoja katika ploti nne, wawili nikibahatika — na hapa ni ploti nzima, vyumba vyote, na hakuna hata mmoja aliyelala kitandani!

Daktari Muia, msimamizi wangu, alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Amesema kama ni kweli, hili halijaonekana popote anapojua yeye, na nisimwambie mtu yeyote kwanza. Nimwambie nani? Haboba? Huyo nyanya yangu akisikia neno choo wakati wa chakula ananiondoa kwenye mkeka.

Nitasema ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma: sikuwaza wale watu hata kidogo. Niliwaza jina langu.

Jumatatu, 11 Machi 1996

Aibu. Aibu tupu.

Bwana Lusweti wa maabara, aliyeanza kazi hii kabla sijaota meno, ndiye aliyenisaidia kupima dawa. Unaweka vikaratasi vyenye dawa juu ya bakteria, kesho yake unapima kwa rula duara ambalo bakteria wamekufa. Watu tofauti, maduara tofauti. Ndivyo inavyokuwa kwa kawaida. Leo tumepima. Dawa ya kwanza, zote kumi na nne sawasawa. Ya pili, sawasawa. Ya tatu aliacha kupima, akaweka rula chini.

Akaniuliza polepole, "Saadia, ulichukua kwa watu kumi na wanne, ama ulichukua kwa mtu mmoja mara kumi na nne?"

Nilikasirika. Nikamwambia nina fomu kumi na nne na majina kumi na manne. Hakubishana. Alikwenda kwenye friji, akatoa vile vikopo, akavipanga kwenye benchi na kuvifungua kimoja kimoja. Maganda yale yale ya mahindi ya nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharage. Rangi ile ile. Hata mtoto angeona. Mimi sikuona, kwa sababu sikutaka kuona.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari Muia bado hajui. Kesho Silanga.

Jumanne, 12 Machi 1996

Nilifika nimekunja uso, tayari kugombana. Eddah alikuwa akifua. Nilimwambia tumejua, ni choo cha mtu mmoja. Akaendelea kufua kidogo, halafu akaacha.

"Sikiza, Saadia," akasema. "Mtu hapeani choo yake hivi hivi. Sisi hatujui inaenda kufanyiwa nini. Huko kwetu mtu akitaka kukumaliza, hiyo ndio anatafuta. Hiyo ama nywele yako."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakukataa tu, kama ploti zingine.

"Tulikuonea huruma. Kila siku wewe na hiyo jua. Tukakaa kikao, tukasema huyu msichana atafeli."

Na kwenye kikao kuna mtu alisimama. Akasema yeye ameokoka, damu ya Yesu imemfunika, mchawi hamwezi hata akipewa ndoo nzima. Leteni vikopo vyote, nitawajazia. Watu wakapiga makofi. Eddah akaniambia hivi kama mtu anayejitetea mbele ya chifu: "Na tuliona ni poa, juu yeye hagonjeki. Tangu tumjue, hata homa ndogo hapana. Tulijua utapata majibu safi."

Nilikuwa nimeshajua kabla sijauliza. Niliuliza hata hivyo.

"Si ni Mama Celine wetu."

Niliketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Eddah akadhani ni jua, akaniletea maji. Sikuyanywa. Nilikuwa naona kidole kinachovya kikombe, kinachovya kingine, watoto thelathini na wanane wamepanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Na changu.

Mwenyewe hayupo. Amekwenda Kawangware kwa dadake, atarudi alfajiri awahi uji. Nikatoka hapo moja kwa moja kwa Daktari Muia nikamweleza yote. Nilitegemea anifokee. Badala yake akasema vijidudu hujificha kwenye nyongo, mtu anakaa navyo miaka na haumwi popote. Nichukue choo kingine kwa uhakika, dawa zipo, lakini mama huyo asiguse tena chakula cha mtu. Akasema nimwambie mimi mwenyewe, kwa sababu ananiamini mimi.

Nimepima joto langu mara tatu. Sina homa. Siwezi kula.

Kesho lazima nifike kabla ya uji.

Jumatano, 13 Machi 1996

Saa moja na robo asubuhi. Naandika nikiwa chumbani kwake, kwenye kiti chake, daftari juu ya goti. Amesema nimngoje.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Sufuria ilikuwa tayari kwenye jiko, nje mlangoni. Akafurahi kuniona, akauliza kama nimepita mtihani. Nikamwomba tuingie ndani. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yote yakanipotea. Nikasema tu: Mama Celine, vile vikopo, tumekuta taifodi. Ni yako.

Alicheka. "Mimi? Saadia nyathina, mimi sigonjekangi." Nyathina, mwanangu. Huniita hivyo tangu siku ya kwanza.

Nikamwambia ndiyo hivyo, huugui, lakini unayo, na inatoka kwa mkono kwenda kwa chakula. Nilisema kidole. Ilibidi niseme kidole.

Akaacha kucheka. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena. Akauliza imekaa ndani yake tangu lini. Nikasema pengine aliwahi kuugua zamani akapona. Akafikiri. Akasema mwaka wa 'tisini na moja, alipotoka nyumbani kuja mjini, alilala na homa mwezi mzima. Waliomba, akainuka, na tangu siku ile hakuugua tena. Huo ndio ushuhuda wake. Ameutoa kanisani mara nyingi sana.

Halafu akauliza kuhusu watoto wa nasari, na nikasema tutawapima wote, na dawa ipo. Hapo angalau nilikuwa na jibu.

Aliponiuliza tena, hakuwa ananitazama.

"Celine walisema ni malaria. Lakini alivimba tumbo, wakampasua, daktari akasema utumbo imetoboka. Saadia, malaria inatoboanga utumbo?"

Fomu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Namba ya kwanza, mwandiko wangu: malaria. Haitoboi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba haitoboi. Angeniambia habari ya kupasuliwa siku ile kama ningemuuliza swali moja zaidi, na sikuuliza, nilikuwa na vikopo vya kugawa.

Niliinamia mkoba. Akasema, taratibu sana, "Alikataa chakula. Nikamlisha na hii mkono."

Akainuka. Akachukua kipande cha sabuni na karai, akasema nimngoje, akatoka nyuma.

Sasa ni nusu saa. Nasikia maji yakimwagwa, yakimiminwa, yakimwagwa tena. Watoto wameanza kufika, wanagonganisha vikombe. Eddah anaita kutoka nje: "Mama Celine! Mama Celine, uji inamwagika!"

Hajibu. Anaita tena jina lile lile. Nimesimama nimwambie Eddah aache, asimwite kwa jina la mtoto, lakini sasa amwite nani?