Mama Ameiona Bangkok

Wifi yangu Bualai,

Mama alifika salama. Miguu imemvimba, ila ulimi ni ule ule. Anasema usisahau kuwafungia bata wake. Kwa kuwa hajawahi kuuona mji huu, Jumamosi nilimpeleka Ikulu ya Wafalme, kisha kwa Buddha Aliyelala. Akazitazama zile nyayo kubwa, akasema, "Huyu naye amechoka kutembea kama mimi."

Tulipokwenda kuvuka mto kuelekea Hekalu la Alfajiri, akaniuliza, "Mwanangu Kamthon aliendesha boti ipi?"

Tangu msiba hakuwahi kumtaja mume wangu mbele yangu. Nikamwonyesha. Siku hizi inaendeshwa na rafiki yake, Wichit. Alimkalisha mama karibu na usukani, naye akaushika mpaka ng'ambo. Hekalu hata hakulitazama.

Tuliposhuka akamuuliza Wichit, "Una mke?"

"Sina, mama."

"Pilipili unakula?"

"Sana."

"Basi kesho njoo ule kwetu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alishaona Wichit anavyonitazama. Njiani akaniambia, "Rampai, hata ukiolewa tena u mwanangu. Usizeeke kwa ajili yetu."

Jana Wichit alikuja. Mama mwenyewe akamkalisha kwenye kiti cha Kamthon. Nilikimbilia jikoni nikalia.

Wifi, ameniposa, nami sijamjibu. Kamthon ni kaka yako. Nataka nisikie kwanza kutoka kwako. Ukikataa, nitabaki wifi yako. Ukikubali, niruhusu nibaki wifi yako vilevile.

Akupendaye,
Rampai