Sufuria Niliyokataa Kuifunua

Kashai, Jumanne jioni

Nimeshindwa tena. Mtihani wa vitendo wa upishi, mara ya pili, na chuo hakiruhusu mara ya tatu.

Tulipewa saa moja kupika ndizi. Wenzangu walizimenya, wakazichemsha na nyama. Mimi nikazifunga kwenye majani ya mgomba, nikazitia kwenye sufuria ziive kwa mvuke, kama bibi alivyonifundisha kijijini kwake Izimbya. Nilitaka msimamizi aone kitu. Mjinga mimi.

Muda ulipoisha akasema, "Funua, dada."

"Bado, mwalimu. Nikifunua sasa mvuke utatoka, zitakuwa ngumu."

"Mgeni wa hoteli hatakusubiri wewe." Akaandika sifuri, akaenda meza ya pili.

Ningefunua tu! Mkono ulikataa.

Bila cheti, hoteli gani itanichukua? Hata ile ya Muleba walishanirudisha getini.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, mama anayefagia jiko la chuo akafunua majani. Ndizi zilikuwa laini, za njano, zinanukia. Akaonja, akakaa chini, akala mpaka zikaisha.

Bibi amepiga simu mara nne. Sijapokea. Mkungu wa ndizi hizo alinikatia mwenyewe shambani, anataka kujua kama walizipenda.